Donge la Jana

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya mkate. Hatusemi kwa fumbo. Twasema juu ya mkate wenyewe wa unga, maji, chumvi na moto, na juu ya duka moja ambalo jamaa moja iliuoka humo tangu babu hadi mjukuu.

Miji ya kale ilikuwa na njia zake za waokaji. Katika kitabu cha nabii Yeremia twasoma kwamba mfalme Sedekia, alipoamuru nabii awekwe katika uwanda wa walinzi, aliagiza apewe mkate mmoja kila siku kutoka njia hiyo ya Yerusalemu, naye akawa akiupata mpaka mikate ya mji ilipokwisha. Wengi wetu hulipita neno hilo upesi, maana mambo makubwa yako mbele: Wakaldayo wanautaka mji, wakuu wanataka nabii auawe, na mfalme hana msimamo. Lakini tusimame kidogo hapo. Mji uko taabuni, nafaka inapungua ghalani, na bado kuna watu wanaoamka usiku kuwasha tanuri. Hatukuachiwa jina la hata mmoja wao. Kama wasingaliamka, Yeremia asingalikula.

Hapa kwetu mkate mwingi hutoka kiwandani. Huja umekwisha kukatwa vipande na kufungwa katika karatasi, nasi twaununua dukani pamoja na sabuni na kiberiti, wala hatumjui aliyeukanda. Pwani kuna tofauti. Huko bado mtaa humjua mama fulani kwa mahamri yake, au kwa mkate wake wa kumimina, na watoto hutumwa kwake na sahani iliyofunikwa kitambaa. Ndugu zetu wa Lamu na Mombasa watatuelewa mara moja tukisema kwamba Mfaransa na duka lake la mkate ni kama mtu na kisima chake. Huenda asubuhi, na mara nyingine huenda tena jioni, maana ule mkate wao mrefu mwembamba uitwao baguette haulali. Uliookwa leo, kesho umekauka kama ukuni. Kwa hiyo mwokaji humjua kila mtu wa mtaa. Hujua nani amepata mtoto, nani anaugua, na nani siku hizi ananunua nusu badala ya mzima.

Duka tunalolizungumzia liko Paris, nambari 8 ya njia iitwayo rue du Cherche-Midi. Lilifunguliwa mwaka wa 1932 na kijana mmoja, Pierre Poilâne, aliyetoka Normandy, nchi ya mashamba na ng'ombe wa maziwa. Duka lenyewe ni dogo. Kazi yenyewe hufanyika chini: ngazi nyembamba hushuka hadi chumba cha mawe kilicho chini ya ardhi, na humo mna tanuri ya matofali inayokula kuni. Mwokaji huvaa kaptura kwa sababu ya joto. Huko chini hakuna dirisha la kumwonyesha kama kumekucha.

Mkate wa Pierre haukuwa ule mrefu mweupe. Ulikuwa wa mviringo, mkubwa, uzito wake karibu kilo 2, wenye ganda nene la rangi ya kahawa iliyokaangwa. Unga wake ulisagwa kwa mawe, nao haukuwa mweupe. Chumvi ilitoka katika mashamba ya chumvi ya Guérande, pwani ya magharibi ya Ufaransa. Mkate huo uliweza kukaa karibu juma zima bila kuharibika, na asiyeweza kuununua mzima alikatiwa nusu, au robo, au vipande vichache tu.

Sasa tufahamu jambo hili vizuri. Wakati ule watu wa Paris walitaka mkate mweupe. Mkate wa rangi ya giza ulikuwa chakula cha maskini na cha watu wa shamba. Kisha vikaja vita vya 1939 hadi 1945, na Wafaransa wakala mkate mbaya wa kugawiwa kwa kipimo; vita vilipokwisha, hakuna aliyetaka kuuona tena mkate usio mweupe. Mashine za kukanda kwa haraka zikaingia, mikate ikawa mikubwa na mieupe kama pamba, na utamu wake ukapungua. Mfanya biashara mwenye akili ya kawaida angaliwafuata wateja. Pierre hakuwafuata. Tungependa kusema kwamba aliona mbele, lakini huenda ilikuwa ukaidi tu wa mtu wa Normandy. Mara nyingine ni vigumu kutofautisha uaminifu na ukaidi mpaka miaka thelathini ipite.

Mtaa ule ulikaliwa na wachoraji wengi wasiokuwa na fedha. Pierre alikubali kuwapa mkate nao wakamlipa kwa picha, na picha hizo nyingi zilikuwa picha za mkate. Zilijaa ukutani katika chumba kidogo nyuma ya duka. Baadhi yao walikuwa mafundi wazuri, na wengine, tuseme kweli, walikuwa na njaa kuliko ufundi. Wote walikula.

Lakini tulitaka hasa kusema juu ya chachu. Mama zetu wengi siku hizi hutumia hamira ya dukani, ile ya kopo au ya pakiti: wafungua, watia, unga waumuka, na kesho wanunua nyingine. Mkate wa Pierre haukuokwa hivyo. Mwokaji alipokwisha kukanda unga wa leo, alikata donge moja akaliweka kando. Donge hilo halikuingia tanurini. Usiku uliofuata lilitiwa unga mpya na maji, likala, likafura, nalo ndilo lililoumua mkate wa siku ile. Na kabla ya kuoka, donge jingine likakatwa tena. Ndivyo ilivyokuwa usiku baada ya usiku, hata mkate wa leo una ndani yake kidogo cha jana, na jana ilikuwa na kidogo cha juzi.

Wale waliolelewa kwa uji wa wimbi uliochachuka watalijua jambo hili bila kuelezwa. Mama hakumaliza chungu chote. Aliacha kidogo chini, na hicho kidogo ndicho kilichochachusha uji wa siku nyingine. Mgeni angaliweza kudhani ni chungu ambacho hakikuoshwa.

Ndani ya donge hilo mna vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vilivyomo katika unga wenyewe na katika hewa. Vingine hutoa hewa inayoumua mkate, na vingine hutoa ule ukali mdogo unaoufanya ukae siku nyingi. Vijidudu hivi ni hai, na kila kilicho hai hutaka chakula. Ukilisahau donge siku kadhaa, huwa kali mno, hulegea, hutoa maji, na mwisho haliwezi kuinua kitu. Ukilihifadhi sandukuni kama dhahabu, utafungua sanduku ukute uozo. Na ukiwa mchoyo wa namna nyingine, ukaoka donge lote leo upate mikate mingi zaidi ya kuuza, kesho huna cha kuanzia.

Yule mwanamke wa mfano wa Bwana wetu, aliyeficha chachu katika vipimo vitatu vya unga, alikuwa na donge la namna hii. Siku zile hapakuwa na hamira ya kopo. Chachu aliyoishika mkononi ilikuwa imetoka katika unga wa siku iliyotangulia, labda kwa mama yake au kwa jirani. Tena vipimo vitatu si unga wa watu watano. Ni unga wa kulisha kijiji. Tumezoea kulisoma fumbo hilo kwa upande wa unga unaoumuka. Ni vizuri pia kuutazama mkono wa mwanamke, ambao jana yake ulikumbuka kuacha kidogo.

Turudi Paris. Pierre alikuwa na mwana aitwaye Lionel, aliyezaliwa 1945. Alipofika umri wa miaka 14 alishuka zile ngazi kwenda kujifunza kazi ya baba yake. Mtoto wa miaka 14! Wenzake walikuwa juani wakicheza, yeye chini akilisha tanuri kuni. Nduguye Max naye akawa mwokaji, na baadaye akafungua duka lake mwenyewe katika sehemu nyingine ya mji, hata jina moja la ukoo likawa juu ya milango miwili. Katika nyumba nyingi za kwetu, jambo kama hilo lingalihitaji vikao vya wazee.

Lionel alichukua uongozi wa duka katika miaka ya 1970, naye alikuwa mtu wa maneno mengi na mawazo mengi. Mchoraji maarufu Salvador Dalí alimwomba amtengenezee samani za chumba cha kulala kwa mkate, naye akazitengeneza. Ile taa ya mkate ya kuning'inia darini ilipendeza hata nyingine kama hiyo ikatundikwa nyuma ya duka. Lionel alianza pia kumwomba Papa wa Roma aondoe ulafi katika hesabu ya dhambi kubwa, kwa hoja kwamba neno la Kifaransa linalotumika lina maana pia ya kupenda chakula kizuri, na kupenda chakula kizuri si dhambi. Hapo Waprotestanti waweza kutabasamu, lakini hoja yake si ya kipumbavu.

Watu wakaanza kuutaka tena mkate wenye ladha, na tanuri moja ya chini ya ardhi haikutosha. Ilimpasa Lionel kuchagua. Njia rahisi ilikuwa kujenga kiwanda, kununua mashine moja kubwa, na kuliweka jina la baba yake juu ya karatasi ya kufungia. Lionel mwaka wa 1983 alijenga nyumba ya kuokea huko Bièvres, nje ya Paris, na ndani yake akaweka tanuri 24 za matofali na kuni kwa duara, mfano wa ile ya baba yake. Kila mwokaji alisimama mbele ya tanuri yake, akaufuata mkate wake tangu unga hadi kutoka motoni. Mashine ilimsaidia kukanda, maana kukanda kwa mikono huvunja mgongo. Lakini kuumba, kuusubiri uumuke na kuutazama moto kulibaki kwa mtu. Je, duka lenye tanuri 24, na lililofungua mlango mwingine London mwaka wa 2000, bado ni duka la mtaa? Wako wasemao hapana. Sisi twaona kwamba mtu aliyetaka kuongeza mkate aliongeza mikono, na si jambo dogo.

Sasa twafika pahali pagumu. Tarehe 31 Oktoba 2002, Lionel na mkewe Irena walikuwa safarini kwa helikopta yao kuelekea nyumba yao katika kisiwa kilicho karibu na Cancale, pwani ya Brittany. Lionel mwenyewe ndiye aliyekuwa rubani. Helikopta ilianguka baharini, wakafa wote wawili. Waliacha mabinti wawili, Apollonia na mdogo wake Athena. Apollonia alikuwa na umri wa miaka 18.

Mnajua, wapendwa, jinsi nyumba inavyokuwa siku kama hiyo. Watu hujaa uani, moto huwashwa nje, mashamba hungoja, duka hufungwa na ufunguo hutundikwa msumarini. Ni haki kufanya hivyo. Lakini chachu haifahamu matanga. Donge lililokatwa usiku ule lilitaka unga na maji usiku uliofuata, kama siku zote, na waokaji walitaka kujua nani sasa wa kuwaambia neno. Yule msichana hakungoja ushauri wa miezi. Siku iliyofuata kifo cha wazazi wake aliushika uongozi wa kazi.

Tusimfanye malaika. Alikuwa amekwisha kujifunza kuoka kwa mikono yake chini ya waokaji wa baba yake, na wazee wa kazi walikuwapo karibu naye. Kama wangalimdharau kwa sababu ni msichana na ni mdogo, mambo yangaliharibika. Tena alikuwa amepanga kwenda chuo kikuu cha Harvard huko Marekani, wala hakuliacha shauri hilo. Alikwenda mwaka wa 2003, akasoma uchumi, huku akiongoza duka kwa simu kutoka chumba chake cha mwanafunzi. Kila juma alipelekewa mkate kutoka Paris, avuke bahari kwa ulimi kujua kama kazi inafanywa sawasawa. Alimaliza mwaka wa 2007. Wanafunzi wenzake bila shaka walimwonea wivu kwa mkate ule, lakini ulikuwa pia hesabu yake ya kila juma, kama vile mkulima aliye mjini anavyotumiwa hindi moja ili aone mvua ilivyokuwa.

Twamweleza binti huyu kwa sababu nyumba nyingi za waokaji hazikumpata mtu kama yeye. Yakadiriwa kwamba mwaka wa 1970 Ufaransa ilikuwa na maduka ya waokaji karibu 55,000, na kufikia miaka ya 2020 yalibaki karibu 35,000. Yaliyofungwa hasa ni ya vijijini. Watu walihamia mjini, maduka makubwa yakauza mkate wa bei rahisi uliookwa kutoka kinyunga kilichogandishwa kwa barafu, na mwokaji mzee alipotazama nyuma yake hakuona mtoto akishuka ngazi. Wala hatuwezi kuwalaumu watoto hao. Kuamka saa nane ya usiku maisha yako yote, kulala jirani wanapoamka, kukosa karamu na arusi za rafiki, si urithi ambao kila mtu angeupokea kwa furaha. Mzazi aliyesomesha mwanawe ili asiteseke kama yeye, atalia nini mwana asiporudi kuteseka?

Serikali yao ilijaribu kusaidia. Mwaka wa 1993 ilitoa amri ya kueleza mkate uitwao wa desturi ni upi: usiogandishwa na usiotiwa dawa za kuuongezea nguvu. Mwaka wa 1998 ikaja sheria kwamba duka lisiitwe la mwokaji kama mkate haukandwi, hauumbwi na hauokwi papo hapo. Na mwaka wa 2022 shirika la UNESCO liliandika ufundi wa baguette katika orodha ya urithi wa wanadamu. Haya yote ni mema. Lakini katika vijiji vingine ambako mwokaji aliondoka, pamewekwa sanduku la chuma kando ya njia. Watia sarafu, na mkate watoka. Mkate waweza kuwa si mbaya. Ila sanduku halikuulizi mama yako anaendeleaje, wala halitajua siku mjane wa nyumba ya pili atakapokosa kuja.

Wasikilizaji wetu, huenda mtaani kwenu yuko mtu wa namna hii, awe wa mkate, wa mandazi au wa uji, ambaye moshi wake huonekana kabla ya jua. Huenda mmemzoea hata hammwoni. Mtakaponunua kwake kesho, muulizeni ni nani aliyemfundisha, na ni nani anayemfundisha yeye.

Na kabla hatujaagana, tuwaambie juu ya biskuti. Katika duka la Cherche-Midi palikuwa na biskuti ndogo za siagi zenye jina la ajabu: ziliitwa punitions, yaani adhabu. Husimuliwa kwamba nyanya mmoja wa jamaa hiyo, huko Normandy, alikuwa akiwaita wajukuu wake kwa sauti kali waje wapokee adhabu yao. Wakaja wakitetemeka, mikono mbele. Naye akafungua kiganja, na ndani mna biskuti. Kikapu cha adhabu hizo kiliwekwa karibu na mahali pa kulipia, na mtoto aliyefuatana na mama yake kununua mkate alipewa moja bila malipo.